Dalili Zote Nimeziona

Jumatatu, 3 Novemba

Daftari jipya. Kurasa themanini, jalada la bluu. Nitalificha kwenye kikapu cha vitambaa chakavu, chini ya cherehani. Hakuna atakayelisoma ila mimi na Mola wangu.

Kazi yake ni moja tu: dalili. Dalili ya mvua ni mawingu, hilo kila mtoto analijua. Lakini dalili ya wale ni nini? (Hapa Palma hatuwataji jina. Tunasema "wale", na kila mtu anageuka kutazama nyuma yake.) Mwaka ule walipoingia mjini na bunduki zao sikuona dalili hata moja. Nilikuwa barazani nashona pindo la suruali. Nikasikia mlio, nikadhani lori limemwaga mbao. Mlio wa pili ulipokuja, miguu ilijua kabla yangu.

Afadhali niliandike nimalize. Nilikimbia na godoro mpaka Quitunda. Lilikuwa mlangoni, limeanikwa. Awa mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba na mama yake, Bi Hafsa, ambaye miguu yake haimbebi. Sikupita nyuma ya nyumba. Siku ya tisa Awa akatokea huko, karibu na uzio wa kiwanda cha gesi cha Afungi, anasukuma baiskeli isiyo na matairi, mama yake amekaa juu yake. Hakulia. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Godoro limefika salama?"

Hajalitaja tena tangu siku hiyo. Wala hajalilalia. Analala kwenye mkeka chumbani kwa mama yake. Anasema mama anahitaji mtu wa kumgeuza.

Ijumaa iliyopita zikaja habari kwamba wale wameonekana upande wa Pundanhar, magharibi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jana nikamsikia Awa, akidhani niko mbali, anamwambia mama yake: "Akinikimbia tena, mama, simfuati." Nilikuwa msalani. Nilikaa humo nusu saa. Wale nawaogopa. Maneno haya nayaogopa zaidi.

Kwa hiyo mpango. Safari hii nitajua kabla ya watu wote. Siku mbili kabla, hata moja yatosha. Nitamshika Awa mkono, nitambeba mama mkwe mgongoni, tutatoka kwa heshima zetu wakati majirani bado wanakunywa chai. Awa ataona mume aliyenaye. Naanza kesho.


Jumanne, 4 Novemba

Dalili ya kwanza: nguo za senhor Ilídio. Huyu ni mtu wa serikali, wa kutoka Inhambane, anakaa nyumba ya mbele yangu ng'ambo ya barabara. Watu wa serikali lazima waambiwe mapema, ndiyo imani yangu. Nguo zake zikiwa kambani, yupo, na anategemea kuzivaa. Leo: mashati manne, suruali mbili, taulo, soksi sita. Ametoka saa moja na dakika kumi. Amerudi saa sita na dakika ishirini. Ametoka tena saa nane kamili. Nimeandika yote.

Bahati kubwa! Jioni amekuja mwenyewe, anataka suruali itanuliwe kiuno. Nikapiga magoti na pini mdomoni, nikamuuliza kwa upole kuhusu Pundanhar. Akasema, "Está tudo sob controlo, mestre," yaani mambo yote yamedhibitiwa, fundi. Halafu akashika sikio.

Kwa nini sikio? Mtu mwenye amani hashiki sikio. Kwa upande mwingine, mtu anayenenepa hana hofu. Ila wapo wanaokula kwa wasiwasi. Nimeandika yote mawili, nikamchoma pini kwa bahati mbaya.

Jirani yangu Sadique, kinyozi, hawezi kuvumilia kuona mtu mwingine anajua kitu. Amesema mbele ya wateja wake kwamba dalili za watu wa serikali ni za kitoto. Yeye anatazama wanawake sokoni: anayenunua mchele kwa kikombe badala ya kiroba anajiandaa kusafiri. Kisha akaongeza, kwa sauti, kwamba ipo dalili moja ya uhakika kuliko zote. Mkiona godoro la fundi liko nje, kimbieni! Baraza zima likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.


Jumatano, 5 Novemba

Moshi! Upande wa magharibi. Nguzo tatu, moja nene, mbili nyembamba. Saa nne asubuhi. Helikopta imepita mara mbili, ilhali Jumatatu ilipita mara moja. Nimeandika, nimefunga duka, nimekimbia ndani.

Awa yuko jikoni anakaanga vitumbua vyake vya kuuza. Nikamwambia moshi. Hakugeuka. Akasema huu ni Novemba, watu wanachoma mashamba wangoje mvua, na kama nimesahau hata hilo basi nikapumzike. Nikamwambia nguzo zilikuwa tatu. Akaniuliza, mashamba yangapi yako upande ule?

Mama mkwe naye akaamka kwenye mkeka wake. Akasema yeye ni mzee, hajui mambo ya moshi wala helikopta, dalili yake ni moja: siku mkwe wake akivaa viatu vya kamba asubuhi. Wote wakanitazama miguu. Viatu vya kamba. Fundo mara mbili. Mimi, mtu wa ndala, nimevivaa tangu Jumamosi.

Nikasema nina kidonda cha kisigino. Awa akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. Akasema mimi nikidanganya huwa napitisha uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi. Nikatazama mikono yangu. Mkono wa kulia uzi. Mkono wa kushoto sindano, na uzi wake unaning'inia. Astaghfirullah! Miaka kumi na tano ya ndoa mwanamke huyu ananisoma kama kibao cha dukani.

Angekuwa msaidizi mzuri sana. Lakini huwezi kumwomba mtu akusaidie kujua lini usimwache.


Alhamisi, 6 Novemba

Sijalala. Kila jogoo alikuwa na neno la kusema. Asubuhi nikaamua: dalili bila vyombo vya safari ni kazi bure. Nikachukua viroba vya mchele, vile vigumu, nikaanza kushona mabegi ya mgongoni. Kufika adhuhuri yalikuwa manne. Mishono miwili miwili, mikanda mipana. Sijawahi kushona vizuri hivi katika maisha yangu. Hofu inanyoosha mshono.

La tano ndilo fahari yangu. Kibebeo cha mama mkwe. Kama mbeleko ya mtoto, ila ya mtu mzima: matundu mawili ya miguu, mkanda wa kiuno, mikanda miwili ya mabega. Niliingia ndani kumpima kwa macho. Nikamzunguka mara mbili nikijifanya natafuta mkasi. Mara ya tatu akaniuliza kama namkatia sanda. Nikasema la, mama, Mungu akupe umri. Akasema basi niache kumtazama kama kitambaa.

Nikajaribu kibebeo kwa kitu kingine. Nilichokuwa nacho karibu ni kichwa cha cherehani, chuma kitupu. Nikakifungua mezani, nikakitia ndani, nikazunguka baraza mara tatu. Mkanda umeshika! Mgongo umelia kidogo. Nikakirudisha mezani.

Watu wanauliza mabegi ya nani. Nimewaambia ni oda ya shule moja ya Mueda. Mwanamke mmoja akasema ana mdogo wake Mueda, ni shule gani? Nikaanza kutafuta uzi. Akaondoka akigeuka kunitazama.

Halafu Sadique. Amesimama kwenye kona ya ukuta, ameyatazama mabegi muda mrefu, akahesabu kwa midomo. Hakutania. Akarudi kwake kimya. Sadique asiyetania! Nimeandika kwa herufi kubwa.


Ijumaa, 7 Novemba

Dalili tatu kwa siku moja. Ya Rabi.

Ya kwanza. Baada ya swala ya Ijumaa, Sadique hakubaki kupiga porojo. Sadique, ambaye huwa wa mwisho kuvaa viatu msikitini kwa sababu ya mdomo! Nikamfuata kwa mbali. Akafungua kibanda chake, akashusha ukutani kile kioo chake kikubwa, akakifunga kwa kanga mbili, akakipeleka nyumbani. Kioo ndiyo roho ya kinyozi. Mtu hahamishi kioo bila habari.

Kwa hiyo anajua. Nani amemwambia? Sikuweza kumuuliza, angefurahi. Nikafanya alichofanya yeye. Nikafungua kichwa cha cherehani, nikakipangusa mafuta, nikakitia ndani ya kibebeo na kufunga mafundo manne, ili kesho nikifiche mahali pazuri, kibebeo kibaki cha mama mkwe. Baraza langu likabaki na meza tupu.

Ya pili. Saa tisa kasoro robo, saa ambayo hajawahi kurudi, senhor Ilídio akarudi. Akasimamisha pikipiki. Akatazama meza yangu tupu. Akatazama kibanda cha Sadique. Akaingia ndani bila salamu, yeye mtu wa "boa tarde" mpaka kwa mbuzi.

Ya tatu. Akatoka akaanua nguo. Mbichi! Zinadondosha maji! Akazikunja na maji yake akaziingiza ndani.

Nikaenda kumwambia Awa. Hili nilifanya, na liandikwe. Nilimwambia kioo, nikamwambia nguo. Aliuliza nani amenipa habari. Nikasema Sadique na senhor Ilídio. Akauliza, wamesema nini? Nikasema hawakusema, nimewaona. Akauliza, na wao wameona nini? Sikuelewa swali. Akasema haondoki nyumbani kwake kwa sababu ya kioo na chupi mbichi.

Kisha akaweka chini mwiko. Akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Akasema siku ya kuondoka kweli ikifika, tutaondoka wote watatu, au sivyo? Nikasema wote watatu, wallahi. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Hapakuwa na sindano karibu.

Akasema haya. Akachukua mwiko. Nadhani nilimwona anataka kutabasamu. Moyo wangu ulijaa, sikuweza hata kula.


Jumamosi, 8 Novemba

Quitunda. Nimekaa chini ya ukuta, naandika kwa penseli ya kuchorea vitambaa.

Nieleze kwa utaratibu. Asubuhi saa mbili senhor Ilídio alitoa pikipiki, amefunga friji nyuma kwa kamba. Friji! Mtu mmoja akapaza sauti kwamba serikali inaondoka. Mwingine akapaza sauti kwamba fundi amefunga cherehani tangu jana. Wanawake wakaanza kuita watoto. Awa alikuwa nyuma ya nyumba na mama yake, anamwosha miguu. Mimi nilikuwa barazani, tayari nimevaa kibebeo mgongoni nikijaribu mkanda. Ndani yake bado kulikuwa na kichwa cha cherehani.

Na hapo tairi la pikipiki likapasuka kwa uzito wa friji. PAA!

Nilikumbuka. Mbele ya Mungu, nilikumbuka. Niliingia ndani, nikafika hadi katikati ya ukumbi. Kutoka pale nilimsikia Awa akiita jina langu. Hakuita kwa hofu. Aliita kama mtu anayeita kuona kama kuna mtu. Nikashusha kibebeo nitoe chuma. Mafundo manne, ya mkono wangu mwenyewe, mafundo ya fundi. La kwanza likafunguka. La pili likagoma. Nje mtu akapiga kelele, sijui nani, sijui kwa nini. Na baada ya hapo niko barabarani, kibebeo mgongoni, nimewapita hata vijana.

Uzito ulikuwa ule ule niliokusudia. Kwa muda fulani njiani niliweza kujiambia kwamba ni mama mkwe.

Tulifika huku adhuhuri imepita. Mtaa mzima, na mabata. Askari waliokuwa barabarani walitutazama kwa mshangao. Waliuliza tumesikia nini. Kila mtu akamtazama mwenzake. Hakuna aliyesikia risasi. Hakuna aliyemwona mtu. Senhor Ilídio, amechafuka mafuta mpaka usoni, akasema yeye aliona meza ya fundi iko tupu na kibanda cha kinyozi hakina kioo. Sadique, amekumbatia kioo chake, akasema yeye aliona fundi anashona mabegi ya kukimbilia, mabegi matano, akajua fundi ana habari. Nikafungua mdomo niseme mimi nilikuwa nimeona kioo na nguo.

Nikafunga mdomo. Watu wote wamenitazama. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo.

Nimekaa kando ya barabara mpaka alasiri. Wamekuja wazee, wamekuja viwete, amekuja mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Awa hajaja. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, yeye mwenyewe anajua hivyo. Bila shaka ataelewa.


Jumapili, 9 Novemba

Nimerudi na watu wa kwanza. Mtaa kimya. Milango yote imefungwa, nasi tuliiacha wazi. Kuku wa majirani wako ndani ya uzio wetu, wamepewa pumba. Awa yuko jikoni anakaanga vitumbua kama vile jana haikuwapo. Bi Hafsa amekaa mlangoni na fimbo ya kulindia kuku.

Nilikuwa na maneno tayari. Nimeyapanga njia nzima. Awa akaweka vitumbua viwili kwenye sahani akanisogezea. Akasema, "Kula, umetembea sana." Basi. Niliogopa kuliko kama angenipiga na mwiko.

Saa tisa mama Albertina, katibu wa mtaa, akaita mkutano. Askari wawili wamekaa pembeni yake na bunduki magotini. Akasema uvumi ni moto, na anayewasha moto katika mji huu atajibu. Mtu mmoja amevunjika mguu. Friji ya senhor Ilídio imeharibika. Anataka kujua nani ameanza.

Na hapo ndipo nilipokumbuka daftari.

Daftari lilikuwa ndani ya suruali yangu, kiunoni, kwa sababu niliogopa kuliacha. Nikaanza kulisoma kichwani, ukurasa kwa ukurasa, kwa macho ya wale askari. Saa anazotoka mtu wa serikali. Saa anazorudi. Helikopta imepita mara ngapi. Mtu anayeandika mambo haya anamwandikia nani? Nani angeamini kwamba ninaandika kwa ajili ya mke wangu? Jasho likaanza kutiririka. Daftari likalainika, likaanza kuteremka. Nikalibana kwa paja. Likapita. Nikalibana kwa magoti. Nikasimama mbele ya mkutano nimebana magoti kama mtoto anayetaka kwenda msalani.

Sadique akasimama akasema la haki lisemwe, yeye aliona mabegi. Mama Albertina akanigeukia. Akasema, mestre, mabegi yale ni ya nani? Nikafungua mdomo. Shule ya Mueda, nilitaka kusema. Mkono ukapanda wenyewe kwenye kola, mahali ninapochomeka sindano. Nilihisi uzi kati ya vidole.

Awa akasimama.

Akasema mabegi ni yake. Alimwagiza mume wake ayashone, kwa kuwa anataka kupeleka vitumbua kwa wafanyakazi wa Afungi na anahitaji mikono mitupu njiani. Na kuhusu cherehani, yeye ndiye aliyemwambia aifungue, kwa sababu ilikuwa inakata uzi na ilipaswa kutiwa mafuta. Kama watu wa mtaa huu wanakimbia kila fundi akitia mafuta chombo chake, basi tutakonda. Watu wakacheka. Mikono yake ilikuwa imekunjwa mbele. Macho yamenyooka kwenye macho ya mama Albertina. Sauti laini kama mafuta ya nazi. Hakuna kope iliyocheza. Hata mimi niliamini. Nilitaka kumuuliza atapeleka vitumbua vingapi.

Mama Albertina akamwambia Sadique arudishe kioo chake na watu warudishe akili zao. Askari wamepewa vitumbua. Nikarudi nyumbani natembea kwa magoti yaliyoshikana, daftari kwenye kifundo cha mguu.

Mke wangu anaweza kusimama mchana mbele ya bunduki akasema uongo, na mwili wake wote usitoe dalili hata moja. Miaka kumi na tano na sikujua. Nilitaka kumshukuru. Akasema hakufanya kwa sababu ya shukrani. Akasema tu, "Yamekwisha, Latifo."

Yamekwisha! Amesamehe. Daftari hili nitalichoma kesho, nikishaandika ya kesho.


Jumatatu, 10 Novemba

Dalili njema kila upande. Awa ameongea na kaka yake aliyeko Mtwara kwa simu, muda mrefu, nje. Halafu amefua nguo zangu zote, hata zile safi. Amezipiga pasi. Amenionyesha chumvi inakaa wapi, unga unakaa wapi, jinsi ya kuwasha lile jiko bovu. Kikaango chake kikubwa amempa jirani. Nikauliza vitumbua atakaangia nini. Akasema atapumzika kukaanga.

Sijawahi kuona mapenzi kama haya tangu tuoane. Mwanamke aliyenuna hapigi pasi.

Senhor Ilídio nguo zake ziko kambani. Mashati matatu. Sikuandika saa. (Saa moja na robo.)


Jumatano, 12 Novemba

Leo asubuhi Awa na mama yake wamepanda gari la kwenda Quionga. Watavuka mto wa mpakani, kaka yake atawapokea ng'ambo ya pili. Ni kwa ajili ya miguu ya mama, kuna mganga hodari wa mifupa Mtwara. Awa amesema mwezi ukiandama atarudi.

Sikukubali haraka, mimi si mjinga. Nilimtazama vizuri. Nilimzunguka. Nilimuuliza mara tatu, kwa njia tatu. Mikono yake ilikuwa imekunjwa mbele. Macho yamenyooka kwenye macho yangu. Sauti laini. Hakuna kope iliyocheza. Nimetafuta dalili ya uongo kutoka ushungi mpaka ndala, na hakuna hata moja. Kwa hiyo ni kweli.

Bi Hafsa alinishika mkono kupitia dirisha la gari akasema, "Mkwe wangu, Mungu akutunze." Machozi yalimtoka. Wazee wanapenda kulia safarini.

Wamechukua sufuria, kwa sababu mama amezoea sufuria zake. Wamechukua mkeka, wamechukua picha ya harusi ya ukutani, labda kaka hajawahi kuiona. Mimi nimeachiwa sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Amefikiria hata hilo: asijaze vyombo, mume wake asichoke kuosha. Wanaume wangapi wana mke wa namna hii?

Sadique amekuja barazani jioni, amekaa bila kualikwa. Hakutania. Amenikata nywele hapo hapo nilipokaa, hakutaka kitu, akasema, "Pole, ndugu yangu." Pole ya nini? Wivu tu. Anaona mtu ambaye nyumba yake imetulia.

Simu ya Awa haipatikani. Mtandao wa mtoni ni mbovu.

Jambo la mwisho, halafu nioshe sahani yangu. Alasiri nilikuwa ndani peke yangu nashona kiuno cha senhor Ilídio kwa mkono. Nazi ikaanguka juu ya paa. Nilipopata fahamu nilikuwa nimeshapita msikiti, kiatu kimoja mguuni, suruali ya watu mkononi. Nimepima muda kwa saa ya simu. Mwaka ule ilinichukua dakika saba kufika pale. Leo dakika nne, na safari hii sikumwacha mtu nyuma.